Redio Hakusema

Saa nne asubuhi si saa ya Anti kuonekana mtaani. Saa hiyo huwa yuko chekechea, anawanawisha watoto mikono na kuwapanga foleni ya choo, huyu analia, yule kavaa viatu kinyume. Kwa hiyo Mpiga Chapa alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta akamwona wifi yake anakatiza barabara, mfuko wa plastiki mkononi, kichwa kakiinamisha kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka, alijua kumeharibika.

"Wifi, umesahau kitu?"

"Sijasahau kitu. Nimeachishwa kazi."

Mteja aliyekuwa anasubiri barua yake ichapwe akageukia ukutani kusoma bango la bei, ingawa alikwisha kulisoma mara tatu tangu aingie. Mpiga Chapa akamwambia nisubiri kidogo baba, akamshika wifi yake mkono, wakaingia ndani, akavuta pazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa ofisi: kompyuta moja, printa moja inayokohoa kabla ya kila karatasi, viti viwili vya wateja. Pazia ndilo lililotenganisha biashara na kitanda. Ukitaka kulia mle ndani, ulie kwa adabu.

Anti hakulia. Alikaa kitandani, akatoa aproni yake mfukoni, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Madam amejua," akasema, yaani mwenye chekechea.

Hakuhitaji kusema amejua nini. Nyumba ile ilikuwa na watu watatu na siri moja. Anti alikuwa na kifafa tangu utotoni. Alimeza vidonge vyake asubuhi na jioni bila kukosa, na mwaka wa nne ulikuwa unakwenda hajaanguka hata mara moja. Ukiwaacha wa zahanati, mji mzima walijua watatu tu: yeye mwenyewe, kaka yake, na mke wa kaka yake. Pale chekechea alikuwa Anti wa watoto wote, mpaka mtaa mzima ukamwita hivyo hivyo, wazee kwa vijana.

"Kasema nini hasa?"

"Kasema hanichukii. Kasema ana watoto wa watu thelathini na wawili, hawezi kulala akiwaza nitaangukia yupi. Nikamwambia Madam, mwaka wa tatu huu niko na wewe, umewahi kuniona naanguka? Akanikumbusha siku ile nilipokaa chini uwanjani, nikasema ni kizunguzungu. Kilikuwa kizunguzungu kweli, wifi! Sikuwa nimekula!" Akaikunjua tena aproni. "Nikamuuliza, nani kakuambia? Akasema, usiniulize mimi, kaulize nyumbani kwako."

Wote wawili, bila kuambiana, wakatazama mlangoni kwenye msumari. Pale ilining'inia kofia ya kazi ya yule wa tatu.

Jamani, mtu akiitwa Redio na mtaa mzima, hakuitwa bure. Mume wa Mpiga Chapa alikuwa mlinzi wa zamu ya mchana kwenye geti la ghala, na geti lenyewe lilitazamana na chekechea. Kazi yake ilikuwa kuandika kwenye daftari nani kaingia, nani katoka, saa ngapi. Lakini yeye hakuishia kuandika. Alijua nani kahama na kwa nini, nani kanunua kochi la mkopo, mchumba wa nani kaonekana na nani. Kila jioni alirudi na mzigo wa habari, akavua viatu, akaanza: "Mke wangu, leo getini kuna mambo!" Mpiga Chapa aliolewa naye akimcheka, akaendelea kumcheka mpaka leo. Mtu wa namna hiyo akikaa geti moja na Madam anayepita pale asubuhi na jioni, utamshuku nani mwingine?

"Simsingizii," Anti akasema polepole. "Lakini ni nani, wifi? Niambie ni nani kama si yeye."

Moyoni Mpiga Chapa alikuwa amekwisha kumhukumu mumewe, tena bila kumsikiliza.

*

Redio alirudi saa kumi na mbili na robo, akavua kiatu cha kwanza na kuanza: "Mke wangu, leo getini..." Akaona nyuso zao. Kiatu cha pili kikabaki mguuni.

Walimwambia. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kudakia, na hilo peke yake lilikuwa geni.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimwambie Madam?"

"Unaongea naye kila siku," Anti akasema.

"Naongea naye habari za maji, habari za barabara, habari za yule jirani yake mwenye mbwa! Mdogo wangu, hili nimelibeba tangu una miaka tisa. Mama aliniita mlangoni akaniambia, wewe una domo, lakini hili ukilisema umemuua dada yako. Nimeongea yote duniani. Hili sijaligusa. Hata huyu mke wangu nilimwambia kwa ruhusa yako, unakumbuka? Nilikuuliza kwanza."

"Labda lilikuponyoka, kaka. Wewe ukianza kuongea unajisikia mwenyewe?"

Aligeuka kwa mkewe. Mpiga Chapa atakumbuka jicho lile mpaka anaingia kaburini. Lilikuwa linaomba neno moja tu, hata nusu ya neno.

"Bwana wee," Mpiga Chapa akasema, "kama ulisema, sema tu ulisema. Tujue moja."

Redio akavua kiatu cha pili. Akaviweka vyote sambamba chini ya kofia, akatoka nje, akakaa kwenye kizingiti. Chakula kilipoiva, Anti aliweka sahani yake mbali, upande wa kitanda. Tangu wazaliwe hawajawahi kula migongo ikitazamana.

*

Kesho yake Jumanne alikuja fundi viatu wa kona ya pili, akitaka kutafutiwa bei ya gundi ya soli. Mpiga Chapa akafungua ukurasa wa kwanza wa mauzo. Gundi zikaonekana katikati. Pembeni, kwa herufi nyekundu, kukatokea kitu kingine:

*Una kifafa na unafanya kazi na watoto? Bofya hapa upate ushauri wa siri.*

Chini yake: *Dawa za kifafa hadi mlangoni.*

Fundi viatu aliona, akakohoa, akatazama pembeni kama mtu aliyefungua mlango wa bafu la watu. Mpiga Chapa akapeleka macho juu kabisa ya kivinjari, upande wa kulia, mahali inapokaa ngao.

Ngao ilikuwa ya kijivu. Imezimwa.

Sasa hii ngao ni lazima nikueleze, maana ndiyo iliyoleta kilio chote. Mwaka uliopita alipita fundi kompyuta kuja kusafisha mashine, akamkuta Mpiga Chapa analalamika kwamba mteja akisoma kitu asubuhi, mteja wa mchana anakuta matangazo ya kitu kile kile. Fundi akacheka. "Dada, kila ukurasa unaofungua una wapambe wake. Wewe unadhani uko peke yako na unachosoma, kumbe pembeni wamejipanga watu wanaandika: huyu kasoma hiki, kakaa hapa dakika tano, kahamia pale. Wanauziana. Kesho wanakuletea kile kile ulichokiulizia jana. Lakini wanajulikana. Wako watu wa kujitolea wanaoyakusanya majina ya hao wapambe na kuyaweka kwenye orodha, na kila siku wanaongeza. Nikikuwekea orodha hizo, ukurasa ukimwita mpambe ambaye jina lake limo, anazuiwa mlangoni."

"Kama daftari la getini kwa mume wangu," Mpiga Chapa akasema.

"Hasa. Ila hili ni la wasioruhusiwa."

Mpiga Chapa alikipenda kitu kile kupita kiasi. Alichagua orodha tatu: ya matangazo, ya wafuatiliaji, na ya vile vidirisha vinavyokuziba macho vikitaka ukubali usichokijua. Kila Jumatano kabla ya kufungua alizisasisha. Ngao ilikaa pale juu, kijani, na kanamba kadogo kakihesabu waliozuiwa, arobaini, sitini, na yeye akifurahi kama ameua nyoka arobaini. Akachapa bango kubwa, akalibandika juu ya printa: SIRI YAKO INABAKI YAKO. Wanawake walioona haya kuuliza mambo yao kwenye simu za waume zao walianza kuja kwake. Mteja akitaka kuandika neno lake la siri, Mpiga Chapa alisimama na kugeukia ukuta mpaka aambiwe tayari. Na Anti, mwenye simu ya kubonyeza isiyojua intaneti, alimwambia mwenyewe kwa mdomo wake: "Wifi, ukitaka kusoma jambo lako, soma hapa kwangu asubuhi kabla sijafungua. Hapa hakuna anayekufuata."

Alhamisi iliyopita yalitoka matokeo ya mitihani. Jamani, watu! Foleni ilitoka nje ikafika kwa muuza mkaa. Ukurasa wa matokeo ukagoma kufunguka, duara linazunguka tu, na wazazi wanapiga kelele, dada mashine yako mbovu, twendeni kwingine. Fundi kompyuta alikuwa amemfundisha namna ya kuufungulia ukurasa mmoja peke yake. Lakini kulikuwa na mama analia, na baba anagonga meza, na mkono wake ukakimbilia kitufe kikubwa. Akazima ngao yote. Matokeo yakafunguka. Akachapa mpaka wino ukapauka, akafunga ofisi hoi, akalala. Redio alikuwa na msemo wake wa kazini, kwamba ukilifungulia lori geti usisogee hapo mpaka umelifunga. Mkewe alimsikia akiusema mara elfu.

Ijumaa asubuhi Anti alikaa pale. Zahanati ilikuwa imembadilishia vidonge, na alitaka kujua kama hivyo vipya vinaleta usingizi, maana yuko na watoto wa watu kutwa. Akaandika yote, kwa ukamilifu, kama mtu anayemwuliza daktari wake. Alisoma nusu saa. Wapambe nao wakaandika nusu saa.

Na Jumamosi akaja Madam, kuchapa barua za wazazi.

Mpiga Chapa alikaa palepale mbele ya fundi viatu, akaikumbuka ile Jumamosi neno kwa neno. Madam kaketi kwenye kiti. Yeye kasimama, kageukia ukuta kwa heshima zake zote, Madam afungue barua pepe yake. Bila shaka zile herufi nyekundu zilimtokea pembeni. Halafu Madam, kwa sauti ya kawaida tu: "Hivi dada, mashine hii mnatumia wengi?"

"Wateja tu, Madam. Na wifi yangu asubuhi, kabla hajaja kwako," akamjibu, akiutazama ukuta, akijivuna. "Anapenda kusoma mambo ya watoto huyo! Ndiyo maana kazi anaiweza."

"Ninaona," Madam akasema.

Kwa hiyo hakuna aliyesema ila yeye. Geti lake mwenyewe liliachwa wazi, na jina akalitaja yeye mwenyewe, kwa sifa.

"Dada, gundi vipi?" fundi viatu akauliza.

"Rudi kesho. Mashine inasumbua."

Alipotoka tu, Mpiga Chapa akafunga mlango na kufanya kile ambacho hofu inamfanyisha mtu. Aliiwasha ngao. Halafu akaingia kwenye mipangilio akafuta: historia yote, vidakuzi vyote, zile alama wanazoziacha wapambe, kila kitu kilichohifadhiwa tangu mashine inunuliwe. Kivinjari kikamuuliza, una uhakika? Akabonyeza ndiyo. Kikamuuliza tena, akabonyeza tena. Alifungua ule ukurasa wa gundi mara tano. Gundi peke yake. Akashusha pumzi, halafu akajiinamia kwenye meza akalia, mkono mdomoni, kwa sababu ya pazia.

*

Alitaka kusema jioni ile ile. Aliapa kwamba atasema. Lakini Anti alimletea maji ya kunawa na kumwambia, "Afadhali wewe, wifi. Nisingekuwa na wewe ningekwenda wapi?" na neno likarudi tumboni. Akajiambia kesho. Kesho nayo ikamwambia kesho.

Siku zile nne zilikuwa ndefu. Habari ilikuwa imekwisha kutoka chekechea ikaingia bombani, na kule bombani wanawake walimpisha Anti foleni kwa upole mwingi, yaani nenda tu mbele, chota, uondoke. Mmoja alimshika mwanawe begani na kumvuta nyuma ya gauni lake. Alhamisi watoto wa chekechea walipitishwa barabarani, wawili wawili, wameshikana mikono, wakienda kiwanjani. Mtoto mmoja wa kike alimwona Anti mlangoni akapaza sauti, "Anti! Anti wetu!" Akamwacha mwenzake, akaanza kukimbia. Mlezi mpya alimdaka kola kabla hajafika kwenye mtaro. Anti alibaki ameinua mkono, akatabasamu mpaka walipokata kona. Ndipo akaingia ndani, akaikunja ile aproni.

Na Redio? Redio alikwenda kazini, akarudi. Alikula peke yake. Siku ya kwanza aliapa tena, siku ya pili alikasirika akasema nyumba hii inamwonea, siku ya tatu akaanza kuuliza maswali ya ajabu.

"Mke wangu, Ijumaa ile niliongea naye habari za joto. Nilisema watu wanazimia na joto. Unadhani hapo niliteleza?"

"Sijui, bwana."

"Nikicheka huwa sijijui. Labda nilisema nikicheka."

Mpiga Chapa alikuwa anaosha vyombo. Sahani ile ile aliiosha mara tatu. Alikuwa anamwona mume mzima anajichimba mwenyewe kwa jembe aliloshika yeye mkewe, na hakuuachia mpini. Aliogopa nini? Si Anti peke yake. Aliliogopa lile bango. Aliwaogopa wale wanawake waliomwamini na mambo yao, kwamba watauliza, tangu Alhamisi ile mpaka Jumanne ngao imezimwa, na ya kwetu je?

*

Jumamosi mchana Anti alianguka.

Vidonge vipya, kukosa usingizi, mawazo, nani ajuaye? Alikuwa anaanua nguo kwenye kamba ya uani. Mpiga Chapa alisikia beseni limedondoka, akatoka mbio, akamkuta chini anatikisika, macho yamegeuka, akabaki amesimama na mikono hewani. Miaka yote aliijua siri, lakini ugonjwa wenyewe hajawahi kuuona.

Redio, aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, alimpita kama upepo. Alipiga magoti, akasogeza beseni na mawe mbali, akavua shati, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha dada yake. Akamgeuza kiubavu taratibu. Akatazama saa. Mkewe alipokuja na kijiko, akamzuia: "Hapana. Usimtie kitu mdomoni. Mwache apumue." Halafu akaanza kuongea, yule Redio, kwa sauti ya chini isiyokatika: "Niko hapa, mdogo wangu. Hakuna mtu. Ni mimi tu. Niko hapa." Majirani walikuwa wamekwisha kuchungulia juu ya ukuta. Akawapa mgongo wake uliokuwa wazi, akajitanua, wasimwone uso.

Dakika tatu. Anti alipozinduka, mate shavuni, gauni limelowa, kitu cha kwanza alichokiona ni kaka yake. Wakatazamana. Hawakuwa wamezungumza tangu Jumatatu.

"Wamekuona wachache tu," Redio akamwongopea.

Walimlaza ndani. Redio akakaa sakafuni karibu na kitanda, tumbo wazi, na Mpiga Chapa akaleta maji. Basi akiwa ameshika jagi ndipo alipomsikia mumewe anasema:

"Ni mimi."

"Kaka..."

"Sikiliza. Nimefikiri wiki nzima. Sikumbuki nilisema lini wala vipi, lakini itakuwa ni mimi. Nani mwingine mwenye domo kama langu? Nilimwahidi mama na nikashindwa. Nisamehe, mdogo wangu. Usiumwe tena kwa sababu yangu."

Anti alinyoosha mkono akamshika kichwa. "Yameisha, kaka," akasema. "Nimekusamehe."

Wakalia wote wawili, wale ndugu, kilio cha kuridhiana. Mpiga Chapa alisimama na jagi lake. Msamaha ule ulikuwa wake, na umekwisha kuchukuliwa na mtu asiyeuhitaji.

*

Jumapili mchana alishindwa. Walikuwa wamemaliza kula, sahani tatu mkeka mmoja, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alisema yote kwa mkupuo mmoja bila kumtazama mtu: matokeo, foleni, kitufe, ngao ya kijivu, Madam kwenye kiti, ukuta, na ile sifa iliyomtoka mdomoni.

"Ni mimi," akamaliza. "Si yeye. Redio hakusema."

Redio na dada yake wakaangaliana, na katika jicho lile Mpiga Chapa aliona huruma, wala si hasira. Hapo ndipo alipoanza kuogopa kweli.

"Mke wangu," Redio akasema, "umeniona nimeinama wiki nzima, unataka kunibebea. Nimeelewa. Lakini usijitie kwenye lisilo lako."

"Si kukubebea! Mashine ndiyo iliyosema! Madam aliona kwa macho yake!"

"Mashine itajuaje, wifi?" Anti akauliza kwa upole. "Mimi nilisoma nikaifunga. Niliiona inajifunga. Na wewe mwenyewe uliniambia hapa hakuna anayenifuata."

"Nilikuwa nimezima! Njooni. Njooni muone."

Akawavuta mpaka chumba cha mbele, akawasha mashine, akasimama akiwa hawezi kungoja iwake. Akafungua ule ukurasa wa gundi. Ngao ilikuwa kijani. "Tazameni sasa," akasema, akaizima.

Ukurasa ukajifungua upya. Pembeni, kwa herufi nyekundu, yakaja matangazo: matairi ya pikipiki, mabati kwa bei ya kiwandani, viatu vya wanaume, nunua jozi moja upate soksi. Akashuka chini. Magodoro. Akafungua ukurasa mwingine. Viatu. Akafungua mwingine. Matairi. Yale aliyoyafuta Jumanne yalikuwa yamefutika kabisa, kama alivyoyataka, na mashine sasa haikumjua Anti wala kifafa wala mtu yeyote.

"Yalikuwepo," akasema. "Wallahi yalikuwepo. Nilifuta mimi mwenyewe, niliogopa. Muulizeni fundi viatu!"

"Tumtoe fundi viatu kwake kumwuliza habari za kifafa changu?" Anti akasema. "Watajua wangapi tena, wifi?"

Redio alinyoosha mkono wake juu ya bega la mkewe na kumshika kidogo, kama anavyomshika mtu aliyefiwa.

"Inatosha sasa," akasema. "Tumeshasameheana."

Anti alimkumbatia. Alinukia sabuni na dawa. "Una moyo mzuri, wifi," akamwambia sikioni. "Kesho asubuhi nitakuja hapa kutafuta matangazo ya kazi, kabla hujafungua. Kwenye mashine ya mtu mwingine sithubutu."

Wakarudi ndani. Mpiga Chapa aliiwasha ngao. Kijani. Alihakikisha mara mbili, halafu akapanda kwenye kiti na kulibandua lile bango. Gundi ilikuwa imeshika, likachanika katikati, nusu ikabaki ukutani.

*

Jumatatu Redio alirudi saa kumi na mbili na robo. Mchana kutwa, Mpiga Chapa alisikia kwa wateja, watu walikuwa wakipita getini na kumtania, vipi Redio, betri zimeisha? Naye anaandika jina, anaandika saa, anasema salama, anafungua geti, anafunga.

Alivua kiatu cha kwanza. Akavua cha pili. Akaviweka sambamba chini ya kofia, akaketi.

Mkewe akangoja. Akamtazama mdomo.

"Haya, bwana," akasema mwishowe, na alijaribu kuichekesha sauti yake. "Leo getini kuna mambo gani?"

"Hakuna," Redio akasema.